VVT-i inasumbua, je, ni umeme? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa gereji karibu kila wiki, mengine na wenye magari, mengine na mafundi wenzangu. Mifano mingi ni ya Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, kwa maana ya Vitz, IST, Probox na Raum, kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Njia ya kupima ni ileile kwa magari mengi mengine. Pale inapotofautiana nimesema, hasa kwenye sehemu ya mwisho.

## Kuuelewa mfumo

1. VVT-i inafanya nini, na umeme unaingia wapi?

Kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu za injini. Kwenye injini za zamani taimingi yake ilipangwa mara moja na kubaki hapohapo. VVT-i huiruhusu kompyuta ya gari kuifanya kamshafti ya valvu za kuingiza hewa iwahi au ichelewe injini ikiwa inazunguka, ili gari liwe na nguvu mlimani na litulie kwenye foleni.

Kinachoisogeza kamshafti ni presha ya oili. Umeme una kazi mbili tu: kusikia na kuamuru. Sensa ya kamshafti na sensa ya krankshafti (shafti kuu ya chini inayozungushwa na pistoni) humweleza "mzee wa kazi", yaani kompyuta, kamshafti iko wapi kwa sasa. Kompyuta nayo hupeleka amri kwenye valvu ndogo yenye koili, ile ambayo mafundi huiita OCV au valvu ya VVT. Valvu huelekeza oili upande mmoja au mwingine wa puli iliyo kwenye ncha ya kamshafti, na puli huigeuza kamshafti. Ukishajua kama tatizo lako ni la kusikia, la kuamuru, au la oili yenyewe, umekwisha kupunguza nusu ya kazi.

2. Hivyo vifaa viko wapi kwenye 1NZ-FE?

Valvu ya VVT iko upande wa cheni, chini kidogo ya kifuniko cha valvu. Imefungwa kwa bolti moja na ina soketi ya waya mbili. Sensa ya kamshafti iko kwenye silinda hedi upande wa giaboksi. Sensa ya krankshafti iko chini, karibu na puli kubwa, mahali panapopokea matope na oili yote inayovuja kutoka juu.

3. Nitajuaje kwamba VVT ndiyo inayosumbua?

Kwa dalili peke yake, hutajua. Gari kukosa nguvu mlimani, kula mafuta, silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) kupanda na kushuka, injini kutetemeka au kuzima unapofika kwenye taa: zote zinaweza kutokana na VVT, na zote zinaweza kutokana na plagi, koili za plagi, throto chafu au pampu ya mafuta.

Iko dalili moja inayosaidia kidogo. Valvu ikikwama wazi, kamshafti hubaki imewahi hata kwenye silensa. Gari hutetemeka au huzima likisimama, lakini likikimbia huwa zuri. Valvu ikikosa umeme kabisa, mambo hugeuka: silensa hutulia vizuri, ila gari huwa zito ukilikanyaga.

4. Naweza kuendelea kuliendesha taa ya injini ikiwa imewaka?

Kama imewaka bila kumweka na gari halizimi, linaweza kukufikisha gereji. Valvu isipopata umeme, springi yake huirudisha upande wa kuchelewa, na injini hufanya kazi kama zile za zamani zisizo na VVT. Taa ikimweka, injini inamisi (silinda hazichomi mafuta vizuri) kwa kiwango cha kuharibu katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, hivyo simama. Ukisikia mlio wa cheni pamoja na taa, usisubiri kesho; pima oili hapohapo ulipo.

## Kodi na mashine

5. Kodi zipi ni za umeme na zipi si za umeme?

Kodi ni namba za kosa ambazo mashine ya kupimia husoma kwenye kompyuta ya gari. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

P0010 inahusu sakiti, yaani njia ya umeme, ya valvu. Kompyuta imejaribu kuamuru na mkondo haukwenda ulivyotakiwa. Huu ni umeme: koili, waya, soketi, au kompyuta yenyewe. Kwenye Toyota za zamani kidogo kodi hiyohiyo huandikwa P1656.

P0011 maana yake kamshafti imewahi kuliko ilivyoagizwa, na P0012 maana yake imechelewa. Sakiti inaweza kuwa nzima kabisa. Kompyuta inalalamika kuwa imeamuru, haikutiiwa. Toyota za zamani huziweka malalamiko haya kwenye kodi moja, P1349.

P0340 ni ya sakiti ya sensa ya kamshafti, na P0335 ni ya sensa ya krankshafti. Hizi ni za upande wa kusikia.

P0016 inasema kamshafti na krankshafti hazipatani. P1346 ya Toyota za zamani inaelekea hukohuko. Fundi umeme akikutana nayo anapaswa kukumbuka cheni iliyolegea au iliyoruka jino kabla hajagusa waya.

6. Mashine imetoa P0011. Ninunue valvu?

Bado. Kodi imetaja malalamiko tu, haijataja kifaa. Anza na kijiti cha oili. Oili ikipungua, ikiwa nyeusi kama lami, au ikiwa nzito kuliko injini inavyotaka, presha haifiki kwenye puli kwa wakati. Injini hizi zimeundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Wapo wanaoweka 20W-50 kwa imani kwamba gari limechoka, kisha wanashangaa kwa nini VVT inalalamika asubuhi.

Injini nyingi za Toyota zina pia kichujio kidogo cha wavu kwenye njia ya oili inayokwenda kwenye valvu. Hakionekani, hakitajwi wakati wa sevisi, na kikiziba kinatoa kodi ileile ya valvu mbovu. Kitoe, kioshe kwa petroli, kirudishe. Baada ya hapo fanya jaribio la swali la 12. Ukilifanya, swali la kununua au kutonunua litajijibu.

7. Nina kodi tatu kwa mpigo. Nianze na ipi?

Anza na za sakiti: P0010, P0335, P0340. Kompyuta isiposikia vizuri, haiwezi kuamuru vizuri, na kodi nyingine hufuata mkumbo. Rekebisha hizo, futa zote, endesha, kisha uone ipi imerudi. Kumbuka kodi nyingine hazirudi siku ileile. Kompyuta husubiri tatizo lijitokeze katika safari mbili ndipo iwashe taa.

Sensa mbili zikilalamika pamoja, tafuta kitu wanachochangia kabla ya kununua sensa mbili: waya wa ethi (unaokwenda kwenye bodi ya gari), betri, au fungu la waya lililolala juu ya ekzosi.

8. Kimashine changu cha bluetooth hakisomi Vitz yangu ya Japani. Ni kibovu?

Huenda ni kizima. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzoni mwa 2000 yana soketi ya pini 16 kama ya magari mengine, lakini hayazungumzi lugha kamili ambayo vimashine vya bei nafuu vinaitegemea. Tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Toyota ya Japani.

Iko njia ya zamani. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi hiyo kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itamweka kodi za tarakimu mbili: kumweka mara tatu, ikapumzika kidogo, ikamweka mara tisa, hiyo ni 39. Kwa mfumo huu 39 ni sakiti ya valvu ya VVT, 59 ni VVT isiyotii, na 18 ni sensa ya kamshafti isiyopatana. Ikimweka haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuunganisha. Pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, na ukiipeleka mahali pasipostahili utaongeza tatizo lisilokuwapo.

9. Mbali na kodi, nisome nini kwenye mashine?

Soma nyuzi (digrii) za kamshafti zilizoagizwa na nyuzi halisi. Kwenye silensa zote zinakaribia sifuri. Panda hadi mizunguko 2,500 au endesha polepole barabarani, kisha utazame. Amri ikipanda na kamshafti ikaifuata, mfumo ni mzima kwa wakati huo. Amri ikipanda na kamshafti ikagoma, nenda swali la 12. Amri isipopanda kabisa, kompyuta imeamua kuufunga mfumo kwa sababu ya kodi nyingine, au injini haijapata joto.

Soma pia data zilizohifadhiwa wakati kodi inaingia. Zinakwambia injini ilikuwa na joto kiasi gani na ilikuwa inazunguka vipi. Kodi iliyoingia asubuhi injini ikiwa baridi na ile iliyoingia saa nane mchana kwenye foleni si ugonjwa mmoja.

## Kupima kwa mkono

10. Kabla sijashika multimita niangalie nini?

Oili, betri, soketi. Betri iliyopumzika iwe na takriban volti 12.4 hadi 12.7, na injini ikiwaka chaji iwe kati ya 13.5 na 14.5. Betri iliyochoka huifanya kompyuta iandike kodi za ajabu wakati wa kupiga stata. Kisha chomoa soketi ya valvu na ya sensa, uchungulie ndani: kutu ya kijani, oili, pini iliyorudi nyuma, kufuli la plastiki lililovunjika na kufungwa kwa raba ya tyubu. Usicheke, nimeyaona mengi ya namna hiyo.

11. Koili ya valvu inapimwaje?

Chomoa soketi, weka multimita kwenye omu, gusa pini mbili za valvu. Kwa Toyota za aina hii tarajia omu 6.9 hadi 7.9 injini ikiwa ya baridi, kwenye nyuzi joto 20 hivi. Ikiwa ya moto namba hupanda, usishtuke. Ukipata mstari uliokatika, koili imekatika. Ukipata omu moja au mbili, imepiga shoti ndani, na usiirudishe kwenye soketi kwa sababu inaweza kuunguza kompyuta (swali la 21). Pima pia kati ya kila pini na bodi ya valvu; hapo pasiwe na mawasiliano yoyote.

Namba nzuri inakuambia koili ni nzima. Haikuambii kama mshipi wa ndani, kile kipande kinachosogea kuelekeza oili, unateleza au umeganda na tope la oili. Ndiyo maana valvu ya omu 7.4 inaweza kuwa mbovu, na muuzaji wa spea akikupimia dukani kwa multimita hajakuthibitishia chochote zaidi ya nusu.

12. Nitajuaje kama tatizo ni umeme au ni oili na chuma?

Jaribio ninaloliamini kuliko yote linahitaji waya mbili tu, mmoja ukiwa na fyuzi ya ampia 5.

Pasha injini moto, iache silensa. Chomoa soketi ya valvu. Injini isibadilike. Sasa peleka volti 12 za betri moja kwa moja kwenye pini mbili za valvu, kwa sekunde chache. Injini isiyo na tatizo itatetemeka au itazima. Ondoa umeme, na injini itulie tena mara moja kama haijazima.

Ikitetemeka na kutulia hivyo, valvu, kichujio, oili na puli vinafanya kazi. Mtuhumiwa amebaki kwenye waya, soketi, sensa au kompyuta. Isipotetemeka hata kidogo, usihangaike na waya kwanza. Toa valvu, ipe umeme ukiwa umeishika mkononi, utazame mshipi. Unatakiwa kuruka na kurudi haraka. Ukiruka vizuri nje ya injini lakini injini haikuitikia, rudi kwenye kichujio na presha ya oili, mwisho puli. Ikitetemeka lakini isitulie baada ya kuondoa umeme, valvu inakwama.

Mambo matatu usiyasahau: umeme uende kwenye valvu, kamwe usiupeleke kwenye soketi ya upande wa kompyuta, usiiache imeunganishwa dakika nzima, na usifanye jaribio hili kwenye mfumo wa swali la 24.

13. Waya inapita multimita lakini kodi inarudi. Kwa nini?

Kwa sababu multimita hupitisha mkondo mdogo mno. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili za kopa utaonekana mzima.

Piga hesabu. Valvu ya omu 7.4 kwa volti 12 inavuta takriban ampia 1.6. Kiungo kibovu kikiongeza omu 4 tu, mkondo unashuka hadi karibu ampia 1, na valvu inakuwa mvivu. Kwa hiyo pima waya ukiwa na mzigo. Balbu ya breki ya wati 21 inavuta takriban ampia 1.75, karibu sawa na valvu, na haikosekani gereji. Chomoa waya pande zote mbili, kwenye valvu na kwenye kompyuta. Hilo la kompyuta ni sharti. Pitisha umeme wa betri kwenye waya huo kuelekea balbu, balbu imalizie ethi. Iwake kwa nguvu, na volti zinazopotea kati ya mwanzo na mwisho wa waya zisizidi 0.2. Wakati inawaka, tikisa fungu la waya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Balbu ikipepesa, umepapata.

Baada ya hapo pima shoti: kila waya dhidi ya bodi ya gari, na waya mmoja dhidi ya mwenzake, bado pande zote zikiwa zimechomolewa. Chochote chini ya omu elfu kumi kina mashaka.

14. Sensa ya kamshafti inapimwaje?

Hesabu waya kwanza. Yenye waya mbili, kama ya 1NZ-FE, ni ya sumaku. Inazalisha umeme wake yenyewe na unaweza kuipima kwa omu. Kutegemea injini utapata kuanzia mia kadhaa hadi elfu mbili na zaidi. Njia bora ni kuitazama kwa oskiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme, injini ikizunguka. Kwenye 1NZ-FE krankshafti hutoa meno 34 kwa mzunguko na pengo la mawili, kamshafti hutoa matatu kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Jino likikosekana au wimbi likiwa fupi, utaliona.

Yenye waya tatu usiipime kwa omu. Ina umeme wa kuingia, mara nyingi volti 5, ethi na ishara. Pima kama volti 5 na ethi zinafika kwenye soketi. Zisipofika, sensa haina kosa.

Mtego kwa aliyeunganisha soketi upya: sensa ya sumaku ikigeuzwa waya, inaendelea kutoa ishara, ila ishara hiyo inafika kwa wakati usio wake. Gari linaweza kuwaka huku likitoa kodi za kutopatana, na fundi akafungua cheni bure. Linda pia ile nyavu ya waya inayozungushia waya za sensa. Haikuwekwa kwa urembo. Inazuia kelele za altaneta na koili za plagi.

15. Naweza kutumia taa ya kupimia badala ya multimita?

Kwenye fyuzi na taa za gari, ndiyo. Kwenye waya za sensa na kompyuta, hapana. Balbu yake inavuta mkondo ambao sakiti hizo hazikuumbiwa kuubeba. Wala usitoboe waya kwa sindano: kile kitundu ndicho maji yatakapoingilia, na baada ya mvua mbili tatu kopa itaoza ndani ya plastiki inayoonekana nzima.

16. Tatizo linakuja injini ikipata moto tu, gereji halionekani. Nifanyeje?

Lilete likiwa moto. Sensa ambazo koili yake imepata ufa hufa zikipata joto: gari linazima njiani, unasubiri nusu saa, linawaka kama hakuna kilichotokea. Kwa fundi, pasha sensa au valvu kwa kikaushia nywele huku unasoma omu au wimbi. Namba ikiruka ghafla badala ya kupanda polepole, umempata mwizi. Kisha mwagie soketi maji kidogo kwa kinyunyizio, injini ikiwaka. Ukimaliza, fanya tena jaribio la kutikisa la swali la 13.

## Spea na matengenezo

17. Valvu ya mtumba, ya kopi, au ya kampuni?

Mtumba kutoka Japani, iliyopimwa omu na kupewa umeme mbele yako mshipi ukaruka, mara nyingi ni bora kuliko kopi isiyo na jina. Kopi nyingine zina omu sahihi lakini mshipi hausafiri umbali uleule, na kodi ya kutotii hubaki. Kama mfuko unaruhusu, nunua ya kampuni. Vyovyote vile badilisha na ile ringi ya mpira, na uipake oili kabla ya kuisukuma ndani.

18. Nimebadilisha valvu na sensa, kodi ileile imerudi. Nimeibiwa?

Labda hujaibiwa, umeuziwa dhana. Mteja mmoja aliniletea Probox yenye valvu mpya ya tatu, zote nzima, akiwa na P0010. Waya ulikuwa umekatika ndani ya plastiki, sentimita tano kutoka kwenye soketi, mahali unapojikunja kila mara valvu inapotolewa. Kila valvu mpya iliyowekwa ilimalizia nyuzi chache zaidi. Ile balbu ya wati 21 ilionyesha kwa dakika mbili.

19. Naweza kuchomoa soketi ya VVT na kuachana nayo?

Gari litatembea, kama nilivyoeleza swali la 4, ila taa itabaki imewaka, mafuta yatakwenda zaidi, na siku taa hiyo itakapotaka kukuambia jambo jingine hutaiona. Kuchomoa kwa ajili ya kupima, sawa.

## Kesi za pembeni

20. Tatizo limeanza baada ya kuosha injini, au baada ya kufunga alamu.

Kwa maji: chomoa soketi za valvu na sensa, zipulize kwa hewa ya kompresa isiyo na nguvu kubwa, ziache wazi zikauke juani, kisha futa kodi. Kama raba ya soketi haipo, tatizo litarudi kila ukiosha.

Kwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari: tafuta waya zilizokatwa na kuunganishwa kwa kusokota na selotepu. Mafundi wa alamu hutafuta umeme na ethi popote karibu na kompyuta. Rudisha waya zilivyokuwa kwanza, ndipo uanze kupima kitu kingine. Panya nao ni mafundi wa aina hiyohiyo.

21. Fundi amesema kontrol boksi imeungua. Nikubali?

Mwombe akuonyeshe alivyofika huko. Kompyuta ni mtuhumiwa wa mwisho. Lazima koili iwe nzima, waya zote mbili za valvu zimepita jaribio la balbu, hakuna shoti, umeme na ethi za kompyuta ni safi, na bado oskiloskopu kwenye pini zake haionyeshi amri pale mashine inapolazimisha valvu ifanye kazi. Akiwa na hayo, kubali. Lakini kabla ya kufunga nyingine, tafuta kilichoiunguza, kwa kawaida koili iliyopiga shoti au waya uliogusa chuma. Isipotafutwa, ya pili itaifuata ya kwanza.

22. Gari langu lina valvu mbili, au nne. Kodi inasema ipi?

Dual VVT-i, kwa mfano injini ya 2ZR-FE, ina valvu ya upande wa hewa na ya upande wa ekzosi. P0010 hadi P0012 ni za hewa. P0013 hadi P0015 ni za ekzosi. Injini za V na za Subaru zina benki (safu za silinda) mbili, na benki ya 1 ni ile yenye silinda ya kwanza. P0020 na zinazofuata ni za benki ya 2. Injini ya mstari mmoja ina benki ya 1 tu.

Wingi huu una faida yake. Kama valvu mbili ni za aina moja, zibadilishane nafasi. Kodi ikihama, valvu ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, ni waya au njia ya oili.

23. Nimekuta oili ndani ya soketi ya Mercedes. Imevujaje hadi huko?

Kwenye injini kama M271, sumaku za kurekebisha kamshafti huvuja oili kupitia ndani yake, na oili hupanda taratibu katikati ya nyuzi za waya kama mafuta ya taa kwenye utambi. Ikiachwa inafika kwenye soketi nyingine na hata kwenye kompyuta. Kusafisha soketi peke yake hakusaidii. Badilisha sumaku, na weka kile kipande kifupi cha waya cha kati kinachouzwa kwa ajili hiyo; oili ikivuja tena itaishia kwenye kipande hicho. Kisha fuatilia fungu la waya uone oili ilikuwa imefika wapi.

24. VVT-iE nayo inapimwa hivyohivyo?

Hapana. Hapo kamshafti ya hewa inageuzwa na mota ya umeme badala ya oili. Ilianza na Lexus LS 460 mwaka 2006, na sasa iko kwenye injini mpya za Toyota kama A25A-FKS. Mota ina udhibiti wake wa kielektroniki. Usiipe volti 12 moja kwa moja. Kazi hiyo inataka mashine kamili na mwongozo wa gari husika.

25. Na VTEC ya Honda?

VTEC hubadilisha kam inayotumika, kwa hiyo solenoidi yake (valvu yake ya umeme) ni ya kuwasha na kuzima tu, na Honda nyingi huiwekea swichi ya presha ya oili inayoiambia kompyuta kama amri imetiiwa. Honda nyingi za i-VTEC huongeza VTC, ambayo ndiyo ndugu wa VVT-i. Kwa hiyo soma kodi imetaja ipi kati ya hizo mbili kabla ya kufungua. Kwenye solenoidi ya VTEC toa pia ile gasketi yenye wavu uitazame kwenye mwanga: ikiziba, swichi italalamika na fundi umeme atalaumiwa.